Kumjibia Kitinda

Watoto wa tumbo moja hugawana vingi: kitanda, nguo, vipigo. Hawa wawili waligawana mpaka sauti. Mmoja wao akipokea simu, mama yao mzazi alilazimika kuuliza, "Wewe ni yupi?" Na akishajibiwa, aliamini alichoambiwa. Angefanyaje? Sikio halina macho.

Mkubwa watu wote walimwita Dada, hata waliomzidi umri, maana alikuwa na tabia za kuitwa hivyo. Ukikohoa mbele yake, anakuuliza umekula nini. Ukichelewa, anajua ulikuwa wapi kabla hujafungua mdomo kudanganya. Mdogo alikuwa kitindamimba wa nyumba yao, na jina likakatwa likabaki Kitinda. Dada alifanya kazi miaka kadhaa kwenye duka la dawa kabla hajapata nafasi ya kusoma, ndiyo maana wakajikuta ugenini pamoja, darasa moja la ufamasia, chumba kimoja, sufuria moja.

Siku ya kuondoka nyumbani mama hakulia. Alimshika Dada mkono pale uwanja wa ndege, akamwambia, "Huyu nakukabidhi. Mnaondoka wawili, mrudi wawili." Tangu siku hiyo, kila Jumamosi jioni alipiga simu na kuuliza swali lilelile kabla hata ya salamu. "Mpo wote?" Naye Dada alijibu, "Tupo, mama." Kitinda awe jikoni, awe sokoni, awe kwa marafiki, jibu lilikuwa hilohilo. Na mama alipong'ang'ania kumsikia mtoto wake mdogo kwa masikio yake, basi Dada alipandisha sauti kidogo, akaweka kicheko mwishoni mwa kila sentensi kama afanyavyo Kitinda, na mama akalala usingizi.

Usimcheke mama wa watu. Wahadhiri nao walidanganywa hivyohivyo. Kwenye ule ukumbi mkubwa wa chuo, mhadhiri aliita majina bila kuinua macho kutoka kwenye meza yake, na wanafunzi waliotoka nyumbani walikuwa na mkataba wao ambao haukuandikwa popote: mwenzako asipokuwepo, mjibie. Wengine walikohoa kwanza, wengine walibana pua. Dada hakuhitaji vituko hivyo. Jina la mdogo wake likiitwa, mdomo wake ulifunguka wenyewe. "Nipo!" Alikuwa hata hageuki kuangalia kama mwenye jina yupo kweli au hayupo.

Sasa, chama cha wanafunzi kikaandaa safari ya mwisho wa wiki. Miji miwili ya kale: Jumamosi mji wa ngome, kule juu mlimani, Jumapili mji wa minara, kule bondeni. Basi la kukodi, chakula kila mtu ajibebee. Kiongozi alikuwa Mwenyekiti, kijana mwenye kitambi cha mbunge na sauti ya dalali wa mnada, ambaye hajawahi kufika mahali kwa wakati lakini hakuna aliyewafokea wachelewaji kama yeye.

Kitinda alikuwa ameisubiri safari hiyo kwa hamu. Ufamasia haukumwingia kichwani hata kwa nyundo. Alichokipenda ni majengo. Alikuwa mtu wa kusimama mbele ya ukuta na kuupapasa, akuulize, "Hivi unafikiri jiwe hili walilipandishaje?" Alitaka kubadilisha kozi, asomee usanifu wa majengo, na Dada alijua, na mama alishaanza kunusa.

Ugomvi ulianzia ndani ya basi, kabla hata hawajamaliza kupanda mlima.

"Ulimwambia mama nini?" Kitinda aliuliza.

Dada alikuwa anamenya chungwa. "Lini?"

"Juzi alivyopiga, nikiwa maktaba. Leo kaniandikia ananishukuru. Ananishukuru kwa nini, Dada? Eti nimemwahidi sitaacha ufamasia. Eti nimelia nikamwomba msamaha."

"Alikuwa hali wala halali. Alitaka kukusikia mwenyewe. Ulitaka nimwambie uko maktaba unasoma vitabu vya majengo?"

"Kwa hiyo ukawa mimi."

"Nikakusaidia."

"Ukawa mimi, ukalia kwa niaba yangu, ukakubali kwa niaba yangu!" Kitinda alisema kwa nguvu na basi zima likageuka. "Darasani sawa, nilikuomba. Hili nani alikuomba? Sauti yangu naitaka, Dada."

Maneno yale yalimchoma Dada, tena penyewe. Nani alimpikia mtoto huyu? Nani alimkeshea alipougua? Akaweka chungwa chini. "Ichukue. Kuanzia leo jijibie mwenyewe. Na mimi usiniite. Ukikwama, usiniite."

"Sikuiti."

"Haya."

"Haya!"

Kitinda akachukua koti lake la njano, koti ambalo ungeliona ukiwa umbali wa kijiji kizima, akahamia kiti cha nyuma, kwa rafiki yake Kijiko. Huyo Kijiko aliitwa hivyo kwa sababu popote aendapo alikuwa na kijiko mkobani, huwezi jua. Mwenyekiti akaona afadhali atulize hali ya hewa. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime!" alitangaza, na watu wakacheka. Dada hakucheka. Alitazama nje, akaona mawingu yamejikusanya juu ya mlima, meusi tititi, na hakuna jani lililotikisika.

Mji wa ngome ulikuwa mji wa mawe, barabara zake nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Maduka yalikuwa yanafungwa. Wenye maduka waliangalia mbingu, wakaingiza ndani viti na meza, na mwanamke mmoja aliyekuwa anaanua nguo akawatazama wale wanafunzi wakipanda kuelekea ngomeni, akatikisa kichwa, akaingia na kufunga dirisha.

Walizunguka kuta, wakapiga picha, wakala walichobeba. Mwisho wakapelekwa kwenye kitu ambacho kila mtu alikuwa amekifuata: hodhi la kale, chumba cha maji kilichochimbwa chini ya ngome nzima. Mwongozaji wao alikuwa kijana mwenye mafua makali, pua nyekundu, leso mkononi, na ilionekana wazi kwamba kundi hili ndilo linalomchelewesha kwenda kulala. Alisimama mbele ya mlango wa mbao nzito zilizopigiliwa vyuma, akasema maneno yake kama mtu anayesoma bei za bidhaa.

"Maji yote ya mvua ya ngome hii huingia humu. Kila paa, kila ua, kila mfereji. Zamani watu walikunywa. Siku hizi hayanywewi, lakini yanaingia vilevile. Mkiwa chini mtaona mstari wa kijani kwenye nguzo. Pale ndipo maji hufika mvua ikiwa ya kawaida." Akapenga kamasi. "Mvua ikiwa kubwa, mstari hauonekani."

Mwenyekiti akaangalia juu. "Na leo?"

"Leo tutawahi. Sasa, kanuni ya hapa. Wakati wa kutoka, kila mtu akivuka kizingiti hiki aseme kwa mdomo wake, 'Nimetoka.' Semeni kwa lugha yenu, mlango huu umesikia lugha nyingi. Mimi nahesabu sauti. Sauti zikitimia sawa na tiketi, nazima taa, nafunga. Hapa mtu hamjibii mwenzake."

Wanafunzi wakaangaliana. Mmoja akamtupia Dada jicho, kicheko kikapita kundini.

"Mnacheka," mwongozaji alisema, bila hasira. "Mji huu ulizingirwa na maadui, watu wakajificha humu. Walipoanza kutolewa, mlinzi aliita kaya moja moja. Wenye haraka wakawajibia ndugu zao waliokuwa nyuma gizani, ili mlango ufungwe upesi. Ukafungwa. Mvua ikanyesha." Akakunja leso, akaitia mfukoni. "Maswali?"

Wakaanza kuteremka ngazi.

Chini kulikuwa na baridi ya kaburi. Taa ndogo za manjano zilikuwa zimefungwa mbali mbali, na kati ya taa na taa kulikuwa na giza la kutosha kumpoteza mtu. Nguzo zilipangwa safu kwa safu mpaka jicho linachoka. Sakafu ilikuwa na maji ya kulowesha soli. Na sauti! Ukisema neno, linaondoka, linazunguka nguzo, linakurudia limebadilika kidogo, kama vile kuna mtu kule mbele ameamua kukuigiza. Dada aliita, "Mwenyekiti, tusikae sana!" na kule mwisho wa hodhi Kitinda akamjibu, "Tusikae sana!" Dada akakaza macho. Haikuwa Kitinda. Ulikuwa mwangwi tu. Nywele zikamsisimka, akajikuta ameshika mkono wa mtu asiyemfahamu vizuri.

Alimwona mdogo wake kwa mbali, koti la njano likipita kati ya nguzo, mkono ukipapasa mawe. Angemwita. Kweli kabisa, neno lilifika kooni. Lakini mtu aliyesema usiniite ataanzaje yeye kuita? Kiburi si maungwana, ila siku hiyo Dada alikuwa nacho tele.

Yaliyotokea baadaye kule nyuma Dada hakuyaona, na nayasema sasa hivi ili msije mkasema nilimficha mtu. Kijiko alikuwa anatetemeka kwa baridi, meno yanagongana. Kitinda akavua koti akamvika, akamfunika na kofia yake. Kisha akamwambia, "Mwambie Dada aje. Namsubiri hapa, nguzo ya mwisho. Sitaki tugombane mbele za watu. Mwambie aje tuyamalize." Akakaa kwenye kitako cha nguzo kilichoinuka kidogo juu ya maji, akainamisha kichwa. Hakuwa na wasiwasi. Dada anaweza kununa, lakini Dada hawezi kutoka mahali bila yeye.

Mngurumo wa kwanza ulisikika hata chini ya ardhi. Mwongozaji akapiga makofi. "Tutoke, tutoke!" Watu wakasukumana kwenye ngazi. Dada alikuwa katikati ya ngazi Kijiko alipomwita kutoka chini, gizani, nyuma ya vichwa vya watu.

"Dada! Kitinda anasema—"

"Sitaki kusikia anasema nini," Dada alijibu bila kugeuka. "Mwambie ajijibie."

Kijiko akanyamaza. Tabia ya Dada aliijua, akiwa amekasirika hata umletee habari ya urithi atakufukuza. Akajiambia ngoja apoe, atamwambia kwenye basi. Halafu tumbo likamsokota, baridi ile na chakula cha njiani, akapanda ngazi mbio akiwapita watu, mkono mdomoni. Pale mlangoni walivuka wanne watano kwa pamoja, wote wakisema nimetoka, nimetoka, nimetoka. Dada aliona koti la njano limempita, kofia imefunika uso, halikumsalimia wala kumwangalia. Moyo ukamuuma. Ananipita kama nguzo, alijisemea.

Mwongozaji alikuwa anahesabu kwa vidole na midomo. Matone ya kwanza yalianguka, mazito, yakichora madoa makubwa juu ya mawe. "Bado mmoja," alisema.

"Nani hajasema?" Mwenyekiti alipaza sauti. "Jamani, tunalowa!"

Wakaulizana. Kila mmoja alisema yeye kasema. Macho yakaanza kumgeukia Dada. "Kitinda je?"

Dada akatazama chini barabarani. Kule kwenye basi, koti la njano lilikuwa linapanda ngazi ya mlango. Alilitambua vizuri, yeye ndiye alilinunua. Basi akapata jibu: mtoto amenuna, amepita kimyakimya makusudi, hata hilo neno moja la mlangoni limemshinda kwa jeuri. Ndiyo hao wanaotaka sauti zao! Wapewe, wasizitumie.

"Dada, ni ndugu yako huyo," Mwenyekiti alisema. "Fanya basi."

Mvua ikafunguka. Watu wakaanza kukimbia. Na mdomo wa Dada, mdomo uliozoea, ukapandisha sauti kidogo, ukaweka kicheko mwishoni.

"Nimetoka!"

Mwongozaji alikuwa ameinama anapenga kamasi. Alisikia sauti nyembamba yenye kicheko, akainua kidole cha mwisho. Sauti zilitimia sawa na tiketi. Akazima taa, akavuta mlango kwa mikono miwili, akazungusha ufunguo. Kutoka ndani kulisikika kitu, kama mtu aliyeita kwa mbali. Dada alisikia. Mwongozaji pia alisikia.

"Mwangwi," mwongozaji alisema, akavuta kola ya koti na kuondoka mbio.

Na Dada naye akakubali kwamba ni mwangwi. Si alikuwa ametoka kuusikia muda si mrefu? Akakimbilia basi.

Basi liliteremka mlima kwa mwendo wa kobe. Maji yalitoka juu yakivuka barabara, yamebeba majani na kokoto. Dereva alikuwa ameegemea usukani, pua karibu igonge kioo. Alikuwa mzee wa kazi hiyo, hakuzungumza, ila kila baada ya muda alisema "Eh!" peke yake. Mwenyekiti alisimama, akashika kiti, akauliza, "Tumetimia?" Sauti kadhaa zikamjibu tumetimia. Dada aligeuza kichwa nusu tu. Kule kiti cha nyuma koti la njano lilikuwa limejikunja, kofia usoni, limelala. Akarudisha kichwa mbele.

Safari nzima alipanga hotuba. Akifika atamwambia hivi, halafu atamwambia vile. Kisha hotuba ikaanza kulegea yenyewe. Alikumbuka mtoto alivyokuwa mdogo, akilala hawezi mpaka ashike sikio la dada yake. Ya mama kweli ilikuwa kosa. Mtu haliliwi machozi yake na mwenzake. Atamwomba radhi, potelea mbali, watu hufa kwa mengi lakini si kwa kuomba radhi. Na hiyo kozi ya majengo, basi wamwambie mama pamoja, kila mtu kwa sauti yake. Alipofikia hapo moyo ulimtulia, akatoa mkobani nusu ya lile chungwa, akaifunga kwenye karatasi amwekee.

Mji wa minara waliukuta na mvua ileile. Watu walishuka wakiinama, mabegi juu ya vichwa. Dada alibaki ndani ya basi, amesimama kwenye ujia na chungwa lake, anasubiri koti la njano liamke. Likaamka. Likajinyoosha, likavua kofia.

Kijiko akapiga miayo. "Tumefika?"

Dada alimtazama. Akatazama kiti cha pembeni yake. Akatazama chini ya viti, jamani, chini ya viti, kama vile mtu mzima anaweza kuwa amedondoka kule.

"Kitinda yuko wapi?"

"Si yuko kwako?" Kijiko alisema. "Si mmekaa wote mbele? Nilidhani mmepatana."

"Koti hili..."

"Alinivika, na simu yake ikiwa mfukoni. Kule chini. Nilikuwa naumwa na baridi." Kijiko akaanza kuamka sawasawa sasa, macho yakamtoka. "Dada, nilikuambia. Nilikuita pale ngazini nikuambie. Alisema anakusubiri, nguzo ya mwisho, uende myamalize. Dada, hukwenda?"

Chungwa lilianguka. Dada hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha karibu, akaweka kiganja juu ya mdomo wake, akaubana kwa nguvu, kana kwamba bado ungeweza kurudisha lile neno ndani. Nje mvua ilikuwa inapiga paa la basi, na kila tone alilosikia alijua liendako. Kila paa, kila ua, kila mfereji.

Dereva alikuwa amesikia yote. Akawasha gari.

Walirudi wanne: dereva, Dada, Kijiko na Mwenyekiti. Mwenyekiti alipiga simu njia nzima, ofisi ya ngome haikupokea, zimamoto wa mji walisema barabara ya chini imekatwa na maji, watazunguka. Mwishowe namba iliyobandikwa nyuma ya tiketi ikapokelewa na mtu mwenye pua iliyoziba. Mwenyekiti akaeleza.

"Haiwezekani," mwongozaji alisema. "Nilihesabu sauti."

"Fungua tu," Mwenyekiti alisema. Dalali yule wa mnada alikuwa sasa anaongea kama mtoto. "Tafadhali, nenda ukafungue."

Dada alikaa nyuma ya dereva. Alikuwa anajaribu kukumbuka ile sauti ya nyuma ya mlango. Ilikuwa imesema nini? Ilikuwa ni jina? Kitinda alikuwa ameambiwa asiite, na ameita. Ameita, na mtu akasema mwangwi, na mtu mwingine akakubali.

Walifika mwanga wa mwisho wa jioni ukiwa bado juu ya kuta. Barabara za mawe zilikuwa mito. Mlango ulikuwa wazi na mwongozaji alikuwa kizingitini, amelowa chapachapa, tochi mkononi, uso umempauka. "Taa zimekataa," alisema. "Maji yameingia kwenye nyaya. Nimeita. Hajibu."

"Mstari?" Mwenyekiti aliuliza.

Mwongozaji alimulika ngazi. Vidato vya chini havikuwepo tena, kulikuwa na maji meusi yanayozunguka polepole.

Dada alimpokonya tochi akashuka. Maji yalimshika magoti, kiuno, kifua, ya baridi ya kukata pumzi. "Kitinda!" aliita. Na kutoka kila upande, nyembamba, karibu, ikamjibu: Kitinda! Akageukia kulia, ikamjibu kushoto. Kila alipoita, mdogo wake alimjibu, na kila alipoielekea sauti hapakuwa na mtu, palikuwa na nguzo na maji. Ndipo alipoelewa kwamba atamtafuta humo mpaka wafe wote wawili kama hatanyamaza. Akafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, alinyamaza akamsubiri mdogo wake aseme.

Hakukuwa na neno. Kulikuwa na mgongano mdogo, tk, tk, kule mbali. Dada aliufuata, akishika nguzo moja baada ya nyingine, vidole vya miguu vikitafuta sakafu. Kitinda alikuwa amesimama juu ya kitako cha nguzo ya mwisho, amekumbatia jiwe, maji yako kifuani, anagonga ukuta kwa pete yake. Macho yalikuwa wazi kwenye mwanga wa tochi. Hakushangilia. Dada alimshika kiunoni, akamwegemeza begani, wakarudi hivyohivyo wakiyumba. Dereva akawapokea ngazini, maji yakiwa yamemfika kwapani.

Pale juu Kijiko alimrudishia koti lake la njano, analia kwa sauti. Kitinda alivikwa, akakalishwa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje. Dada alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe," alisema. "Kitinda, nisamehe. Niliona koti. Nilidhani ni wewe."

Kitinda alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, sauti ya mtu aliyepiga kelele mpaka koo likapasuka.

"Nilikuwa nakuja," alisema. "Niliona mnapanda, nikawa nakuja. Halafu nikajisikia mlangoni." Akavuta pumzi. "Nikajisikia nikisema nimetoka. Nikasimama. Nikajiuliza, kama mimi nimetoka, huyu aliyeko huku ni nani?"

Mwongozaji alikuwa bado ameshika kitasa. Hakujua afunge au asifunge, na alipouliza kwa unyonge kama huyu msichana aliyetolewa anaweza kusema lile neno, kwa ajili ya kanuni tu, Kitinda alimwangalia mpaka akaangalia chini.

Ndipo simu ya Dada ikaita. Alikuwa amemwachia Mwenyekiti kabla ya kushuka, na Mwenyekiti akamnyooshea. Jumamosi jioni. Mama.

"Mpo wote?" mama aliuliza. "Moyo wangu leo haukutulia. Mpo wote?"

Dada alitaka kusema tupo. Ulimi haukusogea. Akamwekea Kitinda simu sikioni.

"Mama," Kitinda alisema.

"Nani huyu? Wewe ni yupi?"

"Ni mimi. Kitinda."

"Kitinda wapi mwenye sauti hiyo? Acheni mzaha, nyie. Wewe ni nani uliyeshika simu ya mwanangu? Niwekee Kitinda nimsikie. Namjua mtoto wangu."

Kitinda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa simu sikioni, akamnyooshea dada yake. Maji yalikuwa yanapanda kidato kingine nyuma yao.

"Anataka kunisikia," alikwaruza. "Jibu."

Dada aliitazama ile simu. Neno lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote, jembamba, lenye kicheko mwishoni, mama angelisikia akalala. Aliuma midomo mpaka akaonja damu.

"Kitinda?" mama aliita. "Kitinda, mwanangu, upo?"

Walikuwa wawili pale mlangoni, na hakuna aliyejibu.